Nani Aling'oa Breki Yangu?

Wiki iliyopita niliwaacha mteremkoni, mguu wangu umekanyaga zulia mahali palipotakiwa kuwa na breki. Nimesikia wapo waliokuwa wakikanyaga sakafu ya sebuleni huku wakinisoma. Kanyageni tu, haisaidii. Mimi nilikanyaga mpaka kisigino kikaniuma na gari likazidi kwenda.

Kwa wewe uliyechelewa kuingia, mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mama Breki, kwa kuwa gari letu lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwangu, upande wa abiria. Hiyo ya kwangu ndiyo inayowarudisha watu nyumbani wazima. Naijua hata nikifumba macho, kwa sababu niliibandika kipande cha kandambili ya bluu ili mguu usiteleze siku za mvua.

Shule ni ya watu wawili, mimi na dada yangu mkubwa. Yeye anafundisha alama za barabarani darasani, mimi nafundisha barabarani kwenyewe. Gari ni moja tu, na lina majina yetu wote wawili, la kwake likiwa la kwanza kwa sababu yeye ni mkubwa. Mimi ndiye niliyelipeleka kwenye kampuni iliyotuuzia, wabadilishe oili na chujio lake, basi. Sikuomba kingine.

Walilirudisha linang'aa kama sahani. Matairi yamepakwa dawa, ndani wamepulizia manukato ya kuumiza kichwa, redio niliyoiacha kwenye taarifa ya habari inaimba mapenzi. Kibao cha kujifunzia kinachokaa juu ya paa kimelazwa kwenye buti. Nikadhani wamekitoa ili waoshe paa vizuri, nikawashukuru. Mjinga mimi, nikawashukuru.

Asubuhi iliyofuata nikampandisha mshereheshaji wa harusi. Ni mtu mnene, mcheshi, anayeweza kuusemesha ukumbi mzima bila kipaza sauti, lakini kwenye usukani sijaona mwoga kama yeye. Lori likapiga honi nyuma yetu pale mteremkoni, naye badala ya breki akakanyaga mafuta.

"Breki," nikamwambia.

"Nimekanyaga, mwalimu."

Hakuwa amekanyaga. Nikakanyaga yangu. Zulia.

Sasa twende.

Nilivuta breki ya mkono, nikaudaka usukani, nikaugeuzia kwenye lundo la mchanga lililomwagwa mbele ya nyumba iliyokuwa ikijengwa. Gari likapanda mchanga, likainama upande, likazima. Wajenzi waliruka huku na huku wakitumwagia matusi ambayo mhariri wa gazeti hili hatakubali kuyachapa.

Hakufa mtu. Ila mshereheshaji aliufuata usukani kwa mdomo. Alipogeuka kunitazama, jino lake la mbele lilikuwa kiganjani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "Jumamosi nina harusi."

Mtu ambaye mdomo ndio shamba lake, unamwambia nini?

Trafiki hakukawia kufika. Akazunguka gari, akainama upande wangu, akainuka na uso umebadilika.

"Breki ya mwalimu iko wapi?"

"Sijui."

"Gari la nani?"

"Letu."

"Gari lenu, unafundishia watu, na hujui breki iko wapi?"

"Jana lilikuwa kwenye kampuni. Wao ndio walioitoa."

"Una hakika?"

"Kwani ilitembea yenyewe?"

Hakupenda jibu hilo. Akaniuliza swali ambalo hadi leo linanikosesha raha. "Asubuhi, kabla ya mwanafunzi kupanda, ulilikagua?"

"Nililikagua," nikasema.

Nyinyi siwafichi, maana nimeapa kuwaambia yote. Sikulikagua. Sisi tuna desturi yetu, mimi na dada. Kila asubuhi yeye hukaa kwenye usukani, mimi nakaa upande wangu, anaondoa gari polepole uani, nami nakanyaga breki yangu linasimama. Hapo ndipo mwanafunzi anapanda. Hatujawahi kuruka, hata siku tuliyokuwa tumenuniana. Lakini asubuhi ile dada alinipigia akasema kichwa kinamuuma, atakuja mchana. Nikajiambia, gari limetoka kwa wenyewe jana, kuna nini cha kujaribu?

Trafiki akaninyooshea mkono. "Kibali chako cha kufundishia."

Nikampa. Akakikunja akakitia mfukoni.

"Huyu bwana kesho asubuhi atakuja kituoni kutoa maelezo. Akisema ulimpandisha kwenye gari bovu, usahau kufundisha. Akisema vingine, tutaona."

Akaondoka. Nikabaki na mshereheshaji, amebana kitambaa mdomoni, damu inapenya.

"Mwalimu," akasema, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Ulisema umelikagua, nimekuamini. Ugomvi wangu ni na aliyetoa hiyo breki. Nionyeshe ni nani, kesho nitajua cha kusema."

Basi shule yangu, kazi yangu, chakula cha nyumbani kwangu, vyote vikawa vinaning'inia kwenye mdomo wenye pengo.

Dada alipopata habari alikuja mbio, mtandio unaburuta, kichwa kimepona ghafla. Alinikumbatia akanipapasa mikono yote miwili kama anatafuta iliyovunjika. Kisha akaanza kutukana. Aliitukana kampuni, akamtukana aliyeianzisha, akawatukana mafundi wake na walimu waliowafundisha ufundi. Njia nzima kwenye teksi, yeye, mimi na mshereheshaji tukienda kwenye kampuni, hakunyamaza. Simu yake, ambayo huwika kama jogoo na kuvuruga darasa kila siku, iliwika mara kadhaa mkobani. Kila mara aliizima bila kuitazama.

"Pokea, pengine ni mteja," nikamwambia.

"Leo si siku ya wateja. Leo ni siku ya vita."

Nilimpenda dada yangu siku ile kuliko siku zote.

Kampuni yenyewe mnaijua ilivyo, hata kama hamjawahi kuingia. Sakafu inateleza, viti ni laini mpaka mtu unaona haya kukalia, magari mapya yamefungwa utepe kama maharusi. Nyuma ya kioo ndiko kuna karakana. Na mbele ya kioo hicho, kwenye ofisi yake ndogo ya mlango mzito, anakaa msimamizi wa karakana. Sisi tumempa jina la Manukato. Huyo unamnusa kabla hujamwona.

Alitoka ofisini akitabasamu.

"Karibuni sana. Gari letu linaendeleaje?"

"Letu?" nikasema. "Tangu lini limekuwa lenu?"

"Mama, gari likitoka hapa ni mtoto wetu."

"Basi mtoto wenu leo ametaka kuua."

Tabasamu halikutoka, lilipungua tu. Akamwona mshereheshaji na kitambaa chake, akamwona dada aliyekuwa akihema nyuma yangu. "Pole sana. Tatizo ni nini?"

"Mmeng'oa breki yangu."

"Breki ipi?"

"Ya upande wa abiria. Ya mwalimu."

Akakuna shavu. "Mama, sisi tulibadilisha oili na chujio. Tukaosha. Tukapaka matairi dawa, tukapulizia ndani. Hivyo vingine ni zawadi ya kampuni."

"Nani aliwaomba zawadi?"

"Ni huduma."

"Na kung'oa breki ni huduma?"

"Mimi hiyo breki siijui. Gari liliingia hapa la kawaida, likatoka la kawaida." Akamgeukia mshereheshaji, mwanaume kwa mwanaume, akateremsha sauti lakini si kiasi cha mimi kutosikia. "Kaka, hawa wa shule za udereva tunawajua. Wengine wanavitoa hivyo vifaa wenyewe wakaviuza. Ajali ikitokea wanakimbilia kwetu."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumrukia. Kilichonizuia ni macho ya mshereheshaji. Aliniangalia, akamwangalia Manukato, akaniangalia tena, na nikaona kabisa kwamba anatupima.

"Nimeiuza?" nikasema. "Nimeuza breki, halafu nikapanda mwenyewe kwenye gari lisilo na breki? Nimechoka kuishi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

"Mama, tusipandishane hasira. Kazi yoyote ya ziada hapa ina utaratibu. Kabla ya kugusa kitu sisi huwa tunam—"

"Nyamaza wewe," dada akadakia, amejitosa katikati yetu. "Utaratibu gani? Mnataka kuniulia mdogo wangu, halafu utaratibu? Mnuka manukato mkubwa. Mdogo wangu, twende zetu. Watu wa aina hii dawa yao ni mahakamani."

Akanishika mkono akanivuta. Manukato akamkazia macho, shingo ameiinamisha kidogo.

"Samahani, mama. Mimi na wewe tumewahi kuongea?"

"Niongee na wewe kwa lipi?"

"Sauti yako si ngeni."

"Sauti za watu wanaodai haki zote zinafanana," dada akasema, akanivuta tena. "Twende."

Nilikuwa tayari kwenda, wallahi. Nilikuwa nimechoka, na mtu mkubwa akikuvuta mkono unamfuata. Nikageuka. Na katika kugeuka huko ndipo nikaona mlango wa ofisi ya Manukato.

Ule mlango ni mzito na hujifunga wenyewe. Siku niliyoleta gari ulinigonga bega. Sasa ulikuwa wazi kabisa, umetulia. Chini yake kulikuwa na kitu kimewekwa kuuzuia. Kitu cha chuma. Chuma kilichobandikwa kipande cha kandambili ya bluu.

Nikauchomoa mkono wangu kwa dada. Nikaenda taratibu, nikainama, nikakichukua. Mlango ukajifunga nyuma yangu kwa kishindo na wateja wote kwenye viti laini wakageuka.

Nikamwekea Manukato juu ya kaunta.

"Hii ni nini?"

Manukato alimeza mate. "Kizuizi cha mlango."

"Vizuizi vya mlango vya kampuni hii vinavaa kandambili?"

Kuna mtu alicheka kule kwenye viti. Mshereheshaji hakucheka. Alisogea, akaishika ile breki, akaigeuza, akasugua ile raba kwa kidole gumba. Amelipanda mara ngapi gari lile, ameniona nikiikanyaga mara ngapi. Alipomwinulia Manukato macho, nilishukuru sikuwa mimi.

"Ulisema huijui," akasema.

Manukato alilegea. Lile tabasamu lilimdondoka lote, nikaona kwamba chini yake alikuwa mtu wa kawaida aliyechoka, mwenye wakubwa zake huko juu na hofu ya kazi yake. Sikumhurumia hata kidogo.

"Mama, keti."

"Siketi."

"Keti tuongee vizuri."

"Nimesema siketi. Ongea."

Akatazama wateja, akateremsha sauti. "Sawa. Tuliitoa. Nilikataa kwa sababu niliona mmekuja na majeruhi, nikaogopa. Lakini hatukuitoa kwa akili zetu. Kifaa hiki hakikutoka kiwandani. Kikiwepo, kampuni haitoi dhamana kwa breki za gari zima. Ndiyo sheria yetu. Tukikuta kitu kama hiki tunampigia mwenye gari, tunamuuliza kitolewe au kibaki. Akisema kibaki, kinabaki na dhamana inakwenda. Akisema kitolewe, tunatoa."

"Hamkunipigia."

"Tulipiga."

"Simu yangu ilikuwa mkononi siku nzima. Haikuita."

"Uongo huo," dada akasema. "Twende."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Siku nzima ile alikuwa hajaongea kwa sauti ndogo.

Manukato hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na sasa ilikuwa zamu yake kukasirika. "Mama, mimi nimekubali kosa langu la kukataa. Lakini kutoa breki bila ruhusa, hilo silibebi. Nilipiga namba ya simu ya kwanza kwenye karatasi za gari hilo. Nikauliza, kuna breki ya pili, tufanyeje? Nikajibiwa, toeni. Na kibao cha juu toeni. Na kama kuna alama yoyote ya shule, toeni, kwa sababu anayelinunua hataki lijulikane lilikuwa gari la kujifunzia."

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja.

"Anayelinunua nani?"

"Hilo mimi nitalijuaje? Kazi yangu ni karakana."

"Gari haliuzwi."

"Basi mwambieni aliyepokea simu."

Mshereheshaji akaondoa kiwiko kaunta. "Piga," akamwambia Manukato. "Hiyo namba. Piga sasa hivi, weka sauti ya nje, sote tusikie."

"Mambo ya kupigiana simu mbele za watu ni ya kitoto," dada akasema. "Mdogo wangu, mimi natoka nje. Hewa ya humu inanibana."

"Subiri kidogo tu, dada," nikamwambia. Nilikuwa hata sijageuka kumtazama. Macho yangu yote yalikuwa kwenye kidole cha Manukato.

Akabonyeza. Akaiweka simu kaunta, karibu na breki yangu. Tukasikia inatafuta, kisha ikaanza kuita.

Nyuma yangu, jogoo akawika.

Sikugeuka. Nilijiambia ni yule aliyekuwa akimtafuta njiani. Watu wanapigiana simu kila saa, sadfa zipo. Jogoo akawika tena. Manukato akanyoosha mkono, akakata simu yake. Jogoo akanyamaza.

Akapiga mara ya pili. Jogoo akawika.

Hapo nikageuka. Dada alikuwa amefika karibu na mlango mkubwa, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, na jogoo anawika ndani yake. Hakuizima.

"Dada," nikasema.

"Usinitazame hivyo."

"Unauza gari?"

"Nina sababu zangu. Tutaongea nyumbani."

"Unauza gari letu bila kuniambia?"

"Nimesema tutaongea nyumbani."

"Ningekufa, dada. Asubuhi ya leo. Mimi na huyu mtu."

Uso wake ukakunjamana. Nilidhani analia. Hakuwa analia, alikuwa amekasirika, tena kweli kweli, kama ambavyo hukasirika mtu mkubwa akishikwa kwenye kosa na mdogo wake.

"Usinibebeshe hilo," akasema. "Mengine yote nibebeshe, hilo hapana. Breki ile tunaijaribu kila siku, mimi na wewe, uani. Miaka yote hujawahi kumpandisha mtu kabla ya kuijaribu. Nilijua ukikaa tu kwenye kiti na kuinyooshea mguu utaona haipo, utafunga kazi, utaninunia. Mchana ningekuja nikakueleza. Nani alikutuma umpandishe mtu bila kujaribu? Mimi?"

Nyuma ya kioo, karakana nzima ilikuwa imeacha kazi. Fundi mmoja alikuwa amesimama na tairi mikononi, amesahau alikokuwa akilipeleka.

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, mazito, ya kumwangusha pale pale alipo. Lakini kabla sijafungua mdomo, mshereheshaji akakitoa kitambaa chake. Akakikunja vizuri, damu ndani, akakitia mfukoni.

"Mwalimu," akasema, pengo wazi, sauti yake ile ya ukumbini imerudi. "Trafiki alikuuliza. Mimi nilikuwepo. Ulisema ulilikagua."

Dada akanitazama. Fundi mwenye tairi akanitazama. Tangu tuingie mle ndani hakukuwa na mtu aliyemsahau Manukato, ila sasa walimsahau wote.

Yeye hakunisahau. Tabasamu likamrudia taratibu, likatulia mahali pake. Akaizunguka kaunta, akavuta kimoja cha vile viti laini, akanisogezea mpaka nyuma ya magoti.

Safari hii niliketi.